Je, nikisoma anthropolojia nitazijua mila za kwetu?

Swali:

"Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza), na nimechaguliwa kusoma sosholojia na anthropolojia. Nimezaliwa na kukulia Mbezi, Dar es Salaam, lakini wazazi wangu wote ni wa Marangu, Kilimanjaro. Desemba iliyopita tulimzika babu, na nilijiona mgeni kwenye msiba wa kwetu. Kichaga nasikia kidogo, kuongea siwezi. Mbuzi alipochinjwa wazee walibishana muda mrefu kidari ni cha nani, na mimi sikuelewa hata kwa nini hilo ni jambo la kubishania. Baadaye kikao cha ukoo kikasema shangazi zangu hawagusi kihamba, yaani shamba la ukoo, kwa sababu ndiyo mila. Baba anasema ni kweli, mama anasema ni ulafi tu. Nikajiambia nitasoma anthropolojia nijue ukweli wa mila zetu. Sasa baba anataka nibadilishe, nisome sheria au uhasibu. Baba mdogo naye kanivunja moyo zaidi: anasema hiyo ni taaluma ya wakoloni, walitupima vichwa na kutuandika kama wanyama. Halafu kuna jingine. Shuleni nilikuwa na rafiki Mkurya. Aliponiambia kwao mwanamke anaweza kumuoa mwanamke nilicheka, akakasirika, na mpaka leo hatuko sawa. Ukisoma anthropolojia unatakiwa ukubali kila kitu cha watu? Na je, nitazijua mila zetu, au nitapoteza muda?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba wa babu.

Umeuliza mengi, lakini nikiyasoma yote kwa pamoja nasikia wasiwasi mmoja: kwamba kuna kitu chako ambacho wenzako wa kijijini wanacho, wewe hukupewa, na unatumaini chuo kitakupa. Nianze hapo, kwa sababu ukiingia darasani na tumaini hilo utakata tamaa kabla ya muhula wa kwanza kwisha. Anthropolojia ni taaluma ya kuchunguza maisha na desturi za watu, lakini ndani yake hakuna somo la mila za Wachaga. Utasoma ukoo na ndoa, dini na uganga, uchumi wa zawadi, mamlaka, mbinu za utafiti. Nusu ya mifano itatoka visiwa vya Pasifiki au vijiji vya Sudan ambavyo hujawahi kuvisikia. Kichaga hutafundishwa. Kidari ni cha nani hutaambiwa. Utakachofundishwa ni namna ya kuliuliza swali hilo mpaka likupe jibu, na hiyo kwa maoni yangu ni zawadi kubwa zaidi, ingawa najua si ile uliyoiomba.

Tulichukue hilo la kidari, kwani umeleta mfano mzuri kuliko mingi iliyomo vitabuni. Ukimfuata mzee ukamuuliza kwa nini kidari ni cha fulani, atakujibu kwamba ndivyo ilivyo tangu enzi. Hakudanganyi wala hakufichi. Mtu anayeishi ndani ya desturi hana sababu ya kuieleza, anaifanya tu, na ukimbana sana atakutungia sababu ili uondoke. Sisi tunaanza kwa kuchora nasaba: babu yako, ndugu zake, wake zake kama walikuwa zaidi ya mmoja, watoto wote kwa mpangilio wa kuzaliwa, waliokufa na waliohama. Kisha tunaandika safari ya kila kipande. Nani alishika kisu? Kidari kilikabidhiwa kwa nani, mgongo kwa nani, shingo, mguu, utumbo, ngozi? Nani alikula palepale na wazee, na nani alifungiwa kwenye jani la mgomba apeleke kwake? Wanawake walipata kipi, na walikipata moja kwa moja au kwa kupitia mkono wa mwanamume?

Baada ya hapo ndipo tunarudi kwenye mabishano, na swali linakuwa jepesi: wale waliobishana wako wapi kwenye mchoro? Mara nyingi utakuta ni watu wawili ambao ngazi zao hazijakaa sawa, labda mkubwa kwa umri na mkubwa kwa nyumba, au mtoto wa kwanza aliyeishi mjini miaka yote na mdogo wake aliyebaki akimuuguza baba. Babu akiwa hai hakuna aliyehitaji kulimaliza jambo hilo. Siku ya kumzika lazima limalizike, na linaanzia kwenye nyama. Anayekubaliwa kupokea kidari mbele ya ukoo mzima, itakuwa vigumu kumnyima neno kwenye kikao kinachofuata cha kuzungumzia kihamba. Sikuwapo Marangu siku hiyo, kwa hiyo sisemi ndivyo ilivyokuwa kwenu. Nasema hapo ndipo ningeanza kutazama, na ningeshangaa sana kama wabishi wa asubuhi wasingekuwa ndio wasemaji wa jioni.

Sasa tuje kwenye hilo neno zito, mila, ambalo baba na mama wanalivuta kila mmoja upande wake. Watu wengi hudhani mila ni kitu kilichowekwa kijijini, kimekamilika, na kinachobaki ni kwenda kukichukua kabla wazee hawajafa nacho. Kwa bahati yako, mlima wenu ni miongoni mwa sehemu za Afrika Mashariki zilizochunguzwa sana kuhusu jambo hili. Mmarekani mmoja, Sally Falk Moore, aliyesomea sheria kabla ya kuwa mwanaanthropolojia, alifanya utafiti Uchagani kwa miaka mingi na mwaka 1986 akachapisha kitabu kuhusu sheria za mila Kilimanjaro tangu 1880 hadi 1980. Alikaa mahakamani, akasoma majalada, akafuatilia koo zilezile kizazi baada ya kizazi. Aligundua kwamba maneno yalibaki yaleyale huku mambo yenyewe yakibadilika chini yake.

Fikiria kihamba. Zamani, ardhi ilipokuwa bado ipo, kijana asiyerithi shamba la baba yake aliweza kupata eneo jipya la kufyeka. Mtoto wa kwanza alipewa chake, wa mwisho akabaki na nyumba ya mama pamoja na wajibu wa kumtunza, wa katikati wakatafuta. Kisha ikaja kahawa. Kufika 1925 wakulima wa Kichaga walikuwa na chama chao cha kahawa, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, muungano wa vyama vyao vya ushirika. Mkahawa unakaa ardhini miaka mingi na unaleta fedha, kwa hiyo kipande cha ardhi kikawa mali ya namna nyingine kabisa. Watu wakaongezeka, eneo la kufyeka likaisha. Kanuni ya mtoto wa kwanza na wa mwisho ikaendelea kutamkwa vilevile, ila sasa ilikuwa inaamua nani awe na chakula na nani ahamie mjini. Wakati huohuo mahakama za wakoloni na za wamangi, yaani watawala wa Kichaga, zilitaka jibu moja la haraka, mila inasemaje, na aliyejibu ndiye aliyeandikwa.

Kwa hiyo baba yako hasemi uongo. Uchagani ukoo unafuata baba, na mabinti hawakugawiwa kihamba kama kaka zao. Mama yako naye hasemi uongo. Mrithi alirithi na mzigo: mama mjane, dada aliyerudi kutoka kwenye ndoa iliyovunjika, wadogo ambao hawajajiweza. Dada hakuwa na shamba, lakini alikuwa na mahali pa kurudi na mtu wa kumdai. Leo wapo wanaoitaja mila wakifika kwenye ardhi na kuisahau wakifika kwenye mzigo. Mtu anaposema "ndiyo mila", swali letu la pili huwa: inasemwa na nani, mbele ya nani, na akishinda anapata nini? Swali hilo halimvunjii mzee heshima. Na liulize upande wa mashangazi pia, maana nao wana wanachokitaka.

Mimi mwenyewe ni Mluguru, watu wa Morogoro, ambako ukoo unafuata mama na ardhi ya ukoo hupitia kwa akina mama. Kwetu mjomba ndiye mwenye sauti, na baba anaweza kulima shamba la mkewe maisha yake yote bila kuwa na la kusema kulihusu. Mvulana aliyelelewa hivyo akisikia "kwa mila za Kiafrika mwanamke harithi", anajiuliza ni Afrika ipi inayozungumzwa.

Baba mdogo wako ana haki ya kusema alichosema, na kwa mtu wa Kilimanjaro ni zaidi ya haki. Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pale Old Moshi pamoja na viongozi wengine, na jamaa zake wanaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Wanakitafuta hadi leo. Mafuvu zaidi ya elfu moja kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani yalifika Berlin kwenye mkusanyo wa Felix von Luschan, daktari na mwanaanthropolojia, na mwaka 2023 makumbusho ya huko yalitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeonyesha fuvu mojawapo ni la akida wa Mangi Meli, ndugu zake wakiwa hai. Kwa hiyo walipima vichwa kweli, na baadhi ni vichwa vya jirani zenu.

Mtu atakuambia ile ilikuwa anthropolojia ya maumbile ya mwili, wewe unasoma ya utamaduni, kwa hiyo haikuhusu. Usikubali jibu hilo jepesi. Ya utamaduni nayo ina deni lake, na deni lenyewe limegusa ardhi ya mashangazi zako. Serikali ya Tanganyika iliajiri mwanasosholojia, Hans Cory, aliyekaa na wazee na kuwauliza sheria zao, akatoa kitabu cha sheria za Wahaya mwaka 1945 pamoja na mwenzake, na cha Wasukuma mwaka 1953. Aliuliza wanaume wenye vyeo, tena aliwauliza kanuni. Mambo ambayo wazee walikuwa wakiyajadili upya kila msiba yakawa ibara zenye namba. Baada ya uhuru, mwaka 1963, serikali yetu wenyewe ikatoa Tangazo la Sheria za Mila kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, na ndani yake mtoto wa kwanza wa kiume yuko daraja la kwanza la urithi, wana wengine la pili, na mabinti wote la tatu. Hivyo karatasi ambayo mtu anaweza kuipeperusha mahakamani na kuiita mila ya mababu ina umri mdogo kuliko babu uliyemzika.

Waafrika walioingia taaluma hii hawakunyamaza. Okot p'Bitek kutoka Uganda alifika Oxford mwaka 1960 kusoma anthropolojia, akakuta walimu wakiwaita Waafrika washenzi darasani, akapinga, na baadaye akaandika kitabu kizima cha kuwajibu. Archie Mafeje wa Afrika Kusini, ambaye serikali ya makaburu ilizuia asiajiriwe Cape Town mwaka 1968, alikuja kufundisha sosholojia Dar es Salaam, na mwaka 1971 akaandika makala maarufu ya kushambulia tabia ya kueleza kila jambo la Afrika kwa ukabila. Ukisoma leo utawakuta kwenye orodha ya masomo. Usipowakuta, muulize mwalimu kwa nini.

Na usidhani walioandika wote walikuwa wazungu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na mwaka 1903 Mjerumani Carl Velten alichapisha Desturi za Wasuaheli, maandishi ambayo sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro: uzazi, malezi, harusi, ngoma, pepo, kilimo, mazishi, yote kwa Kiswahili cha mtu anayeeleza kwao. Ukipata nafasi kisome kabla ya kitabu chochote cha nadharia. Utaona jinsi mtu mwenye macho anavyoandika sherehe bila kuipamba na bila kuiona haya.

Ila kuzaliwa mahali hakukupi macho hayo bure. Jomo Kenyatta alisoma London kwa Bronisław Malinowski, yule aliyewafundisha wenzake kwamba lazima ukae na watu, ujifunze lugha yao na uandike mambo ya kila siku. Mwaka 1938 akatoa kitabu kuhusu Wakikuyu, Malinowski akakiandikia utangulizi. Ni kazi kubwa. Lakini Kenyatta alikuwa pia mwanasiasa katikati ya vita vya ardhi na vya tohara ya wasichana, ambavyo vilikuwa vimelipuka kati ya Wakikuyu na wamisionari mwaka 1929, na kitabu kinaitetea tohara ile. Sauti ya msichana mwenyewe huisikii humo. Kuhusu mwalimu wake, shajara yake ya siri ilichapishwa mwaka 1967 akiwa ameshakufa, na ndani yake anawatukana watu wale wale aliowaandika kwa heshima. Mgeni ana upofu wake na mwenyeji ana wake. Wewe, Mchaga wa Mbezi, utakuwa na wa aina zote mbili, jambo ambalo unaliona kama hasara na mimi naliona kama mtaji.

Maana umeandika kana kwamba Mbezi hakuna utamaduni. Jaribu hili. Mama yako akipata kadi ya mchango wa harusi, mwangalie anavyofikiri kabla ya kuandika ahadi. Hatazami mfuko tu. Anakumbuka huyu mama alitoa kiasi gani kwenye sherehe ya dada yako, alilipa ahadi yote au alibakiza, alikuja kwenye msiba wa bibi au alituma salamu kwenye kikundi cha WhatsApp. Akirudisha kidogo kuliko alichopewa ni aibu. Akirudisha kingi mno anamtwisha mwenzake deni. Kutotoa kabisa ni kutangaza kwamba hamjuani. Mfaransa Marcel Mauss aliandika mwaka 1925 kwamba zawadi ina wajibu watatu ndani yake, kutoa, kupokea na kurudisha, akitumia mifano ya Pasifiki na Amerika ya Kaskazini. Angepewa daftari la kamati moja ya harusi ya Dar es Salaam asingehitaji kwenda mbali hivyo. Hakuna mtu aliyekufundisha kanuni hizi na bado unazijua. Ndivyo binamu zako wa Marangu wanavyojua kidari.

Kuhusu rafiki yako Mkurya, nadhani ulicheka kwa sababu uliposikia neno kuoa ulilijaza maana ya kwenu. Kwa Wakurya jambo hilo huitwa nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume, mara nyingi mjane au mtu mzima, anatoa mahari ya ng'ombe na kumuoa msichana au mwanamke mdogo. Huyo anazaa na mwanamume, na watoto ni wa nyumba ya yule mama aliyetoa mahari. Wanalibeba jina na kurithi mali. Hakuna mapenzi ya mwili kati ya wanawake wale wawili. Katika jamii ambayo mali hupita kwa wana wa kiume, mwanamke amepata njia ya kuwa kichwa cha nyumba na kuzuia mashemeji wasibebe ng'ombe wake. Ukilieleza hivyo huoni kichekesho. Unaona swali lilelile la kihamba likijibiwa na watu wengine kwa njia nyingine.

Je, ni lazima ulikubali? Hapana, na hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea. Taaluma inakutaka uchelewe kuhukumu mpaka umeelewa jambo linafanya kazi gani kwa wanaolifanya. Haikutaki usihukumu kabisa. Ukishaielewa nyumba ntobhu unaweza kuuliza maswali makali zaidi kuliko mtu anayecheka: msichana anayeolewa ana umri gani, alikubali au wazazi walihitaji ng'ombe, nani anamlinda akipigwa, mwanamume anayezaa naye anawajibika kwa nini? Yapo majibu mabaya huko, na Wakurya wenyewe wanayabishania. Vivyo hivyo kwa ukeketaji: kuelewa kwa nini bibi mwenye upendo anamkeketa mjukuu wake kunasaidia kuuzuia, na hakubadilishi kwamba kumfanyia hivyo msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai Tanzania tangu 1998. Kwa rafiki yako, nakushauri umpigie simu, umwombe radhi kwa kucheka, kisha umwambie akueleze tangu mwanzo. Watu husamehe haraka wakiulizwa vizuri.

Sasa baba na suala la kazi. Sitakudanganya: ajira ni ngumu, na tangazo linalotaja anthropolojia kwa jina ni la kutafuta kwa tochi. Mengi huandikwa sosholojia au maendeleo ya jamii, ndiyo maana digrii inayobeba majina yote mawili ina unafuu. Watu waliosoma haya huenda kwenye miradi ya afya, tathmini za athari za miradi kwa jamii, fidia na uhamishaji wa watu, makumbusho, mashirika, halmashauri. Malipo yanatofautiana sana na mikataba mingi ni ya muda. Mhasibu wa kawaida hupata kazi mapema kuliko mwanaanthropolojia wa kawaida. Baba yako analijua hilo na anakupenda.

Lakini anaposema taaluma haina kazi ya kufanya, hapo ninambishia. Utafiti uliofanyika Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba wazazi walijua vizuri homa ya malaria hutibiwa hospitali, ila degedege waliliona ugonjwa mwingine kabisa, wa shetani, na wengi waliogopa kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Kumbe mara nyingi ni malaria ileile imefika kichwani. Unaweza kujaza zahanati dawa na mtoto akafia njiani kwa mganga, kwa sababu kampeni yako inazungumzia homa na mama anaona kitu kingine. Au chukua Ebola ya Guinea mwaka 2014. Mjamzito wa kabila la Kissi alifariki, na kwa mila hawezi kuzikwa na mtoto tumboni. Kumtoa mtoto kungewaambukiza watu. Wahudumu na ukoo walishikana mashati hadi mwanaanthropolojia, Julienne Anoko, alipokaa na wazee na kupata tambiko la kulipia kosa hilo. Tambiko likafanyika, marehemu akazikwa salama. Daktari bingwa asingeweza kulimaliza lile kwa dawa.

Ukiniuliza ningefanya nini nikiwa wewe, jibu linategemea mambo mawili ambayo siyajui: nani analipa ada, na wewe unapenda kuandika kiasi gani. Kazi hii ni ya kuandika kila siku, usiku, ukiwa umechoka, mambo yaliyotokea mchana. Asiyependa hilo atateseka. Kama unalipenda, na mkopo au ada ipo, nenda, na uongeze takwimu kwa bidii kwa sababu ndizo zitakazokutofautisha. Kama baba ndiye mlipaji na hajakubali, sheria si adhabu. Mwanasheria anayeelewa koo ni adimu nchini na Moore mwenyewe alipita njia hiyo. Uhasibu ninaona utauchukia, lakini hayo ni maoni ya mtu aliyesoma barua moja tu. Kabla ya kuamua, fika idarani ana kwa ana na baba yako. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Idara ya Sosholojia na Anthropolojia, na kwa majirani Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha anthropolojia kwa jina lake. Omba kuonana na mwalimu, muombe orodha ya masomo ya miaka yote mitatu, na muulize wahitimu wa miaka ya karibuni wako wapi. Mwalimu mkweli hatakasirika.

Mila zenu hazihitaji ruhusa ya chuo, ila zina haraka. Mtafute bibi au mzee mmoja mwenye subira, uanze na Kichaga, hata maneno ya jikoni na ya shambani. Chora nasaba yenu mpaka mtu wa mwisho anayekumbukwa. Uliza mambo yanayoonekana: mmea wa sale umepandwa wapi na kwa nini pale, nani huruhusiwa kupeleka jani lake kuomba msamaha, mbege ya msiba, ile pombe ya ndizi, hupikwa na nani na kata ya kwanza hunywewa na nani. Waambie unaandika, na ukitaka kurekodi omba kwanza. Akikuambia jambo kisha akasema hili lisitoke, lisitoke, hata kama ni zuri kuliko yote. Hayo ni ya nyumbani. Siku utakapotaka kuyafanya utafiti wa chuo wa kuchapisha, chuo chako kitakuelekeza vibali, ambavyo hutolewa na tume za sayansi: COSTECH kwa Tanzania Bara, Zanzibar ina utaratibu wake, na Kenya ni NACOSTI.

Suala la kihamba la shangazi zako nisilichanganye na hayo, kwa sababu halisubiri digrii yako, na mimi si mwanasheria. Najua haya tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema kanuni ya mila inayomnyima mwanamke haki halali ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alimpa haki mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo, akisema kanuni ya 1963 iliyomzuia inagongana na Katiba. Hata hivyo tangazo lile la 1963 bado linatajwa kwenye mashauri ya mirathi, kwa hiyo usiwaambie mashangazi kwamba wameshashinda. Kama wanataka kudai, watafute wakili au msaidizi wa kisheria pale Moshi, au TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, kabla muhtasari wa kikao cha ukoo haujapelekwa Mahakama ya Mwanzo kumthibitisha msimamizi wa mirathi. Wabebe nakala ya cheti cha kifo na ya muhtasari huo, na waulize kwanza jina la nani limeandikwa humo.